Maji, Hesabu na Kaya: Historia ya Utafiti kati ya Makutano na Meru

Makutano ni mji mdogo uliopo mahali ambapo barabara ya kwenda Embu na Meru inaachana na barabara kuu ya Nairobi na Nyeri, na kutoka hapo msafiri hupita kwenye uwanda wa mpunga wa Mwea, akapanda hadi Embu, akakatiza mabonde ya Chuka na Nkubu, na hatimaye kufika Meru, ambako mtaa mmoja wa mji nao unaitwa Makutano. Katika ukanda huu wa mashariki mwa Mlima Kenya, uhandisi, hisabati, uchumi na elimu ya mazingira vimefanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka 60, na historia ya kazi hiyo inaonyesha jambo moja ambalo wataalamu wenyewe walichukua muda kulikubali: kwamba maji yanayoshuka kutoka mlimani hadi Mto Tana hayatambui mipaka ya fani, na kila fani iliyojaribu kuyaeleza peke yake iliacha nje jambo lililokuja kuivuruga baadaye.

Utafiti wa awali ulikuwa mali ya wahandisi na maofisa wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau, kazi ya kujenga skimu ya umwagiliaji ya Mwea ilianzishwa kwa kutumia nguvu za wafungwa waliozuiliwa kambini, ambao walichimba mifereji na kusawazisha mashamba kwa majembe na makoleo. Maji yalichotwa kutoka mito ya Nyamindi na Thiba na kuongozwa kwa mteremko tu, bila pampu, hadi kwenye udongo mweusi mzito ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na ambao kwa sababu hiyo hiyo huyashika maji vizuri na kuufaa mpunga. Hesabu za wahandisi hao zilikuwa sahihi, kwa kuwa mifereji mikuu ilifanya kazi kwa miongo mingi, lakini kilichopimwa kilikuwa kina cha maji, ukubwa wa shamba na magunia ya mavuno. Kila familia iliyopokewa ilipewa ekari 4 za mpunga kwa leseni, si kwa hatimiliki, na leseni hiyo iliandikwa kwa jina la mtu mmoja, ambaye kwa kawaida alikuwa mume.

Pengo lililoachwa na vipimo hivyo lilionekana wazi mwaka 1973, Robert Chambers na Jon Moris walipohariri kitabu kikubwa kuhusu Mwea kilichowakusanya chini ya jalada moja waandishi wa fani mbalimbali. Sura iliyodumu kuliko zote katika kumbukumbu za wanauchumi ni ile ya Jane Hanger na Moris kuhusu wanawake na uchumi wa kaya, ambayo msingi wake ulikuwa kijiji cha Nguka ndani ya skimu. Kaya, kwa maana ya kiuchumi, ni watu wanaoishi pamoja na kugawana mapato na matumizi, na nadharia za wakati huo zilizoea kuichukulia kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja na nia moja. Nguka ilionyesha kwamba dhana hiyo si kweli. Mwanamke aliyehamia Mwea alifanya kazi kubwa ya kupanda, kupalilia na kuvuna katika shamba la mumewe, huku malipo ya mpunga, yakiwa yamekwisha kukatwa gharama za maji na kulimiwa, yakiingia mkononi mwa mwenye leseni. Wakati huo huo alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya shamba la mahindi na maharage ambalo kwao lilimwezesha kulisha watoto bila kuomba.

Tatizo la kuni linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hakuna mhandisi aliyeliweka kwenye ramani. Uwanda uliosawazishwa kwa ajili ya mpunga hauna miti, na chakula cha jioni hakiivi bila moto, kwa hiyo kitu ambacho kijijini kilikuwa kinaokotwa bure kiligeuka kuwa bidhaa ya kununuliwa kwa fedha taslimu, na fedha hizo zilitafutwa na mwanamke ambaye hakuwa na mapato yake mwenyewe isipokuwa mpunga kiasi alioachiwa na mumewe. Kwa njia hiyo skimu iliyohesabiwa kuwa ya mafanikio kwa kipimo cha mavuno iliwaacha wake wengi wakiwa na kazi zaidi na uhuru pungufu, na baadhi yao waliondoka. Matokeo ya Nguka yamerudiwa kutajwa katika vitabu vya uchumi wa maendeleo duniani, na ni haki kusema kwamba kijiji hicho kidogo kilisaidia kuwalazimisha wanauchumi waifungue kaya na kuuliza nani ndani yake anafanya kazi na nani analipwa. Swali la nani anayemiliki mavuno halikuishia vitabuni, maana mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Mwea waliuasi mfumo wa bodi ya serikali iliyosimamia skimu na kuanza kuuza mpunga wao wenyewe.

Maji yaliyotuama mashambani yalileta pia swali la afya, na hapa utafiti ulipata jibu ambalo hakuna aliyelitarajia. Clifford Mutero na wenzake walichapisha mwaka 2004 matokeo ya uchunguzi wao wa malaria katika vijiji vya Mwea vyenye umwagiliaji na visivyo nao. Vijiji vya mpunga vilikuwa na mbu aina ya Anopheles arabiensis kati ya mara 30 na 300 zaidi, lakini maambukizi ya malaria huko yalikuwa kati ya asilimia 0 na 9, ilhali katika vijiji visivyomwagiliwa yalifikia kati ya asilimia 17 na 54. Maelezo yaliyoonekana kuwa na uzito zaidi yalikuwa kwamba mbu hao hupendelea damu ya ng'ombe wanapopatikana karibu. Mdudu, mnyama wa kufugwa na mfereji wa maji vilibidi visomwe pamoja ndipo takwimu za wagonjwa zipate maana.

Hisabati iliingia ukanda huu kwa mlango wa mvua. Upande huu wa mlima una misimu miwili ya mvua, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, na wastani wa mvua ya mwaka humdanganya mkulima, kwa kuwa mwaka mmoja wa gharika na mmoja wa ukame hutoa wastani mzuri na ghala tupu. Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, katika mwongozo wao wa usimamizi wa mashamba ya Kenya uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliuweka wastani pembeni na kutumia uwezekano, yaani kipimo cha mara ngapi jambo hutarajiwa kutokea: waliandika kiasi cha mvua ambacho msimu hukifikia au kukizidi angalau katika miaka 6 kati ya 10. Kwa kuunganisha kipimo hicho na joto linalopungua kadiri mtu anavyopanda mlima, waliugawa mteremko katika kanda za kilimo, kutoka ukanda wa chai juu, kupitia kahawa, hadi ukanda wa mifugo na mtama mdogo chini Mbeere na Tharaka. Ni kazi ya kuheshimiwa sana, kwa kuwa ilichukua dhana ngumu ya kitakwimu na kuiweka katika umbo ambalo ofisa wa kilimo angeweza kulitumia.

Embu, iliyo katikati ya mteremko huo, ndiyo iliyokuwa na kituo cha utafiti wa kilimo ambako miaka ya 1990 miti iliingizwa kwenye hesabu za shamba. Kilimo mseto cha miti, yaani kupanda miti pamoja na mazao na malisho katika shamba lile lile, kilijaribiwa kwa kaliandra, mti mdogo wenye asili ya Amerika ya Kati, na kwa mti mwingine uitwao lusina. Majaribio ya Daniel Mugendi na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba kaliandra ikipandwa kwa mistari katikati ya mahindi hushindana nayo, ilhali lusina ndiyo iliyoyafaa mahindi zaidi. Kwa mfugaji, thamani ya kaliandra ilikuwa katika malisho: kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na miti ipatayo 500, ambayo hutoshea kwenye ua na kingo za matuta bila kula shamba, humtosha ng'ombe mmoja.

Chini zaidi, uhandisi ulirudi kwa ukubwa mpya. Mabwawa ya umeme ya Mto Tana yalijengwa moja baada ya jingine, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Adui wa bwawa ni mashapo, yaani udongo unaobebwa na mto na kutulia pale maji yanapopungua kasi. Katika miaka ya 1970 Thomas Dunne na George Ongweny walikadiria upya kiasi cha mashapo ya Tana ya juu, na mwaka 1979 Dunne, kwa kutumia milinganyo iliyohusisha mashapo na mtiririko wa maji na mwinuko wa ardhi katika mabonde mengi ya Kenya, alionyesha kwamba matumizi ya ardhi ndiyo yenye uzito kuliko mengine yote. Uhai wa mtambo wa umeme ukawa unategemea jinsi mkulima wa mbali anavyolima mteremko wake.

Chambers, ambaye jina lake liliungana na Mwea mapema, aliandika mwaka 1983 lawama kali dhidi ya watafiti wanaoona tu kile kilicho kando ya lami. Lawama hiyo inaufaa ukanda huu, ambao barabara yake inapita kwenye mpunga, kahawa na chai, na kuiacha Mbeere kavu upande wa chini. Kuna waliotoka nje ya lami. Mbeere ilichaguliwa kuwa moja ya maeneo 6 ya mpango maalumu wa maendeleo ya vijijini wa Kenya ulioanza mwaka 1971, na David Brokensha na Bernard Riley walifanya kazi huko kwa muda mrefu hadi kutoa vitabu viwili mwaka 1988, kimoja kikiwa orodha ya mimea na matumizi yake kama wenyeji wanavyoyajua. Walieleza pia jinsi ugawaji wa ardhi kwa hatimiliki na uchomaji wa makaa ulivyobadilisha uoto, jambo ambalo mtaalamu wa miti peke yake asingeliona.

Kwa muda mrefu maswali yaliulizwa na wageni au na watu wa Nairobi, na majibu yakahifadhiwa mbali. Hali hiyo ilianza kubadilika vyuo vikuu vilipopewa hati zao: Methodisti ya Kenya huko Meru mwaka 2006, Chuka na Meru cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2013, na Embu mwaka 2016, katika viwanja vya chuo cha zamani cha kuwafunza watumishi wa kilimo, huku Mugendi wa majaribio ya kaliandra akiwa kiongozi wake wa kwanza. Huko Mwea, mhandisi Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta aliongoza kuanzia mwaka 2009 majaribio ya kilimo shadidi cha mpunga, ambacho hupanda mche mmoja mmoja ukiwa mchanga, kwa nafasi pana, na kuliacha shamba likauke na kuloweshwa kwa zamu badala ya kulifunika maji wakati wote. Maji yaliokolewa na mavuno yakapanda, lakini shamba linalokauka huota magugu mengi zaidi, na palizi ni kazi ya mikono, kwa hiyo wahandisi walilazimika kuwatafuta mafundi wa jua kali watengeneze mashine ndogo za kusukuma za kupalilia, na gharama ya mpaliliaji ikaingia katika hesabu moja na lita za maji.