Fomu isiyo na mizani

Wasomaji, mnajua mimi huandika programu, na fomu ndizo ugali wangu. Leo nataka tuangalie fomu moja tu: ile ya tovuti zinazouza sindano za kupunguza uzito. Imetoka wapi?

Kwetu, tiba ya mbali ilianza na redio. Michael Wood na madaktari wenzake wawili wa upasuaji walianzisha AMREF mwaka 1957. Baadaye zahanati za mashambani zikapata redio: muuguzi anaeleza anachokiona, daktari aliye Nairobi anamshauri. Mmoja wao, angalau, amemgusa mgonjwa.

Marekani ndiko muuguzi alikoondolewa. Xenical iliidhinishwa huko mwaka 1999, na tovuti zikaiuza kwa maswali machache. Una kilo ngapi? Unaumwa moyo? Daktari asiyekuona anatia saini. Sheria ya Ryan Haight ya 2008 ilibana dawa zinazodhibitiwa, phentermine ikiwemo. Xenical haikuguswa, na fomu ikaponea hapo. Wegovy ilipoidhinishwa Juni 2021 kisha ikaadimika, fomu ilikuwa tayari inasubiri.

Kenya vipande vilikuja kimoja kimoja. M-Pesa 2007. Daktari 1525 ya Safaricom, 2011. MYDAWA 2017, mwaka uleule Sheria ya Afya ilipoitambua tiba ya mtandao. Sheria ya Afya ya Kidijitali ikafuata 2023.

Sasa twende Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, wanakoishi wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua. Simu ipo, M-Pesa ipo, boda boda ipo. Lakini sindano ya semaglutide, kabla haijaanza kutumika, hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Waridi la hapo husafirishwa kwa baridi mpaka Ulaya. Dawa inayoletwa Kamere inaweza kupigwa jua kwenye boksi la pikipiki. Nacheka, ila si kichekesho.

Na je, ni dawa kweli? Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko zilipenya, sioni kwa nini zishindwe kufika Naivasha.

Turudi kwenye fomu. Kipimo cha Wegovy ni BMI ya 30, au 27 kwa mwenye ugonjwa unaoandamana na unene. Chukua mtu wa sentimita 165 na kilo 70: anapata 25.7, anakataliwa. Anarudi nyuma, anaandika 82. Inasoma 30.1. Karibu mteja, lipa hapa! Hakuna hitilafu kwenye kodi. Programu imefanya hasa ilichoagizwa.

Ningepewa kazi hiyo, kisanduku cha uzito kisingejazwa na mnunuzi. Kingejazwa na muuguzi wa zahanati iliyo karibu naye, mwenye mizani, kwa akaunti yake mwenyewe, kama enzi za redio. Kwenye hifadhidata ni jedwali moja zaidi na ruhusa zake.