Durban: maji yanayotoka chini ya lami

Nasikia mvua zimeanza na barabara ya kwetu imeshakuwa mto, poleni sana. Leo naomba niwape historia kidogo, maana wengi wenu mkisikia Durban mnawaza ufukwe na Wahindi, basi. Mimi nataka kuwaeleza habari ya maji ya mji huu. Si yale ya bahari, ni yale ya chini ya miguu.

Kuna mitaa huku utakuta lami imelowa wakati mvua haijanyesha wiki tatu. Pembeni kuna majani ya kijani yamestawi ukingoni mwa barabara, na kashimo ambako juzi kaliwekwa kiraka na leo kamefumuka tena. Mgeni atasema ni uzembe wa halmashauri. Upo, sikatai, lakini mambo yenyewe yalianza zamani kabla ya halmashauri.

Durban imekaa kati ya ghuba, Bahari ya Hindi na kilima kirefu kinachoitwa Berea. Berea haikuumbwa kwa mawe. Ni matuta ya kale ya mchanga, na chuma kilichomo kimeota kutu miaka na miaka mpaka mchanga ukawa mwekundu kama udongo wa Moshi. Mvua ikinyesha juu yake, maji hayakai. Yanazama, yanashuka polepole ndani kwa ndani hadi yakute tabaka gumu, halafu yanatafuta njia ya kutokea chini kwenye tambarare. Na tambarare hiyo ndiyo mjini kwenyewe, mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Ukichimba kidogo unakuta maji.

Waingereza walipoupa mji jina la gavana wao D'Urban mwaka 1835 walikuta sehemu kubwa ya mahali hapa ni kinamasi. Makaburu hukiita vlei, na neno hilo likabaki: Western Vlei upande wa ndani, Eastern Vlei upande wa bahari. Mwaka 1856 mto Umgeni ulifurika, ukapita katikati ya Eastern Vlei na kumwaga maji yake ghubani, kana kwamba mji haupo. Mitaa yenyewe ilikuwa mchanga mtupu, magari ya ng'ombe yanazama mpaka nusu ya gurudumu. Mhandisi wa bandari, John Milne, ndiye ambaye jina lake lilipewa mfereji wa kukausha vlei, Milne's Drain. Ndiyo ilikuwa dawa yao ya kwanza: chimba mtaro, maji yaende ghubani.

Lakini cha kuchekesha ni kwamba maji hayohayo waliyoyafukuza ndiyo waliyoyanywa. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mji ulikuwa na shida kubwa ya maji, na meya H. W. Currie akachimbisha kisima chini kabisa ya Berea, karibu na bustani ya mimea. Yakatoka maji mazuri, yale yaliyochujwa na mchanga mwekundu. Pakaitwa Currie's Fountain mpaka leo. Baadaye pakawa uwanja wa mpira wa watu waliokatazwa viwanja vya Wazungu. Na ni hapo, tarehe 25 Septemba 1974, vijana walipokusanyika kushangilia ushindi wa Frelimo, chama kilichoundwa kwetu Dar es Salaam mwaka 1962. Serikali ilikuwa imepiga marufuku, polisi wakaja na mbwa, na viongozi wakafikishwa mahakamani. Mkipita hapo msidhani ni kiwanja tu.

Turudi kwenye maji. Mji ulipokua, vlei zikakaushwa na kujazwa kipande kwa kipande. Sasa ulizeni, nani aliishi humo wakati bado pana matope? Wahindi wafanyabiashara walipata viwanja upande wa Western Vlei, ndiko ulikokua mtaa wa Grey Street na Msikiti wa Juma, ambao kiwanja chake kilinunuliwa mwaka 1881. Wale maskini zaidi, Wahindi waliokuwa vibarua wa halmashauri, wafagiaji, wabeba ndoo za vyoo, watengeneza barabara, walijengewa mabweni yaliyoitwa Magazine Barracks, kwenye barabara ya Somtseu, katika Eastern Vlei. Yaani watu waliokuwa wakiwatengenezea wenzao mitaa mikavu, jioni walirudi kulala kwenye ardhi iliyolowa. Mwaka 1905 malaria iliupiga mji, na kukausha mabwawa kukaonekana jambo la haraka kuliko zamani. Wakazi wa Magazine Barracks nao waliondolewa miaka ya 1960, si kwa sababu ya maji bali kwa sheria za ubaguzi za kugawa maeneo, wakapelekwa Chatsworth. Hapo nakasirika kila nikifikiria: ulipokuwa kinamasi palikuwa pao, ulipokauka hapakuwa pao tena.

Nyie wa Unguja mtanielewa upesi. Ile barabara ya Darajani, iliyoitwa Creek Road, ilikuwa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ulijazwa, ukawa barabara. Maji hayasahau njia yake, na sisi watu wa pwani tunalijua hilo bila kufundishwa na mhandisi.

Sasa kwa nini maji ya chini yanaharibu lami? Barabara si lami peke yake. Chini kuna tabaka la kokoto na udongo ulioshindiliwa, na hilo ndilo linalobeba lori. Likiwa kavu ni gumu. Likilowa, kila gurudumu likipita linayakamua maji, nayo yanatoka na chembechembe za udongo. Pakibaki uwazi, lami haina cha kulalia, inapasuka, shimo linazaliwa. Ukiweka kiraka juu bila kuyatoa maji, umefunika kidonda chenye usaha. Dawa yake ni kuchimba pembeni ya barabara na kulaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, liyapokee maji kabla hayajafika kwenye msingi, na kuyapeleka kwenye mtaro wa mvua. Ni kazi isiyoonekana na haina sherehe ya kukata utepe, kwa hiyo wanasiasa hawaipendi. Majengo marefu ya mjini yenye vyumba vya chini nayo hutegemea pampu.

Lakini mbaya zaidi ni kwamba chemchemi nyingine siku hizi tumezitengeneza wenyewe. Mji ulikuwa umelaza mabomba mengi ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Yakizeeka hulainika na kupasuka, maji yanaingia chini ya barabara. Kati ya 2007 na 2010 halmashauri ya eThekwini (ndilo jina la manispaa ya jiji sasa) iliamua kuyang'oa, zaidi ya kilomita 1,500 za mabomba. Vumbi na mitaro kila mtaa, watu wakalalamika. Kwa maoni yangu ule ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mingi iliyofanywa hapa tangu 1994, hata kama ulikula fedha nyingi.

Tatizo ni kwamba kazi ile haikuisha pale. Ripoti za miaka ya karibuni zinasema zaidi ya nusu ya maji ya jiji hayaleti malipo: mengine yanaibwa, lakini mengi yanavuja. Na yanayovuja yanakwenda wapi? Chini ya barabara.

Halafu ikaja Aprili 2022. Sehemu nyingine ilinyesha zaidi ya milimita 300 kwa siku moja. Ule mchanga mwekundu wa vilimani ulishiba maji na kuporomoka, ukabeba barabara, mabomba na nyumba. Zaidi ya watu 400 walikufa katika mkoa wa KwaZulu-Natal, wengi wakiwa wa vibanda vya mabondeni na kwenye miteremko. Kituo cha kusafisha maji cha Tongaat kiliharibika, na watu wa huko wakakaa miezi bila maji bombani, huku maji yakiwa yamejaa ardhini.

Kuna jambo nimeliruka kwa makusudi: wale watu waliookolewa kwenye majahazi ya utumwa na kuletwa hapa kutoka Zanzibar kuanzia 1873, wakakaa Bluff, ng'ambo ya ghuba, nao wakaishia Chatsworth. Hao nitawaandikia peke yao, maana mama mkubwa ameshaniuliza mara mbili. Salamu kwa wote, na yule aliyenidai picha za bandari asubiri mwisho wa mwezi.