Kiti cha Dodoma

Mfugaji wa Ugogo akimwona Baba Askofu na fimbo yake iliyopinda kichwani hahitaji kuelezwa, kuchunga anakujua. Kinachomchanganya ni vyeo. Yupo askofu wa dayosisi, yupo askofu msaidizi, na juu yao askofu mkuu. Lakini kwa Waanglikana daraja takatifu ni tatu tu: shemasi, kasisi na askofu. Askofu mkuu hawekwi wakfu mara ya pili. Uaskofu ni uleule, malisho ndiyo yanayotofautiana.

Dayosisi ya Central Tanganyika, ndiyo ya Dodoma, ambayo mwaka 2027 inatimiza miaka 100 na jina lake halijabadilika ingawa nchi ilishabadili la kwake, ilimegwa kutoka Mombasa. Askofu wa kwanza, George Chambers, alitokea Sydney, Australia. Askofu mkuu wake alikuwa ng'ambo, Canterbury, na mambo yaliendelea hivyo hadi Jimbo la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1960.

Katika orodha ya maaskofu wa dayosisi hii, mimi hukwama kwa Yohana Omari. Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher alimwekea mikono pamoja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, na Daniel Deng Atong wa Sudan. Akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika, ila msaidizi. Watoto wa kipaimara walipiga magoti mbele yake, naye akawawekea mikono kichwani kama askofu yeyote. Kiti cha Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, hata hivyo, kilikuwa cha askofu wa dayosisi, Alfred Stanway. Omari alifariki mwaka 1963 akiwa bado msaidizi. Yohana Madinda naye alianzia usaidizi, na mwaka 1971 akakikalia kiti hicho.

Mwaka mmoja kabla, Tanzania ilikuwa imepata jimbo lake, na John Sepeku wa Dar es Salaam akawa askofu mkuu. Cheo hicho hakina mji. Anayechaguliwa hubaki na dayosisi yake, kwa hiyo kimeshapita Zanzibar, Ruaha, Tanga. Makao makuu ya Kanisa yapo Dodoma, lakini askofu wa Dodoma hajawahi kukishika. Mwaka 2013 kilimwangukia Jacob Chimeledya wa Mpwapwa, dayosisi iliyomegwa kutoka Dodoma mwaka 1991.