Seva ya Proksi na Kasi ya Wavuti: Dai Lililopitwa na Wakati

Dai kwamba seva ya proksi huongeza kasi ya kuvinjari wavuti lingali likirudiwa maofisini, vyuoni na katika matangazo ya programu za simu. Makala haya yanashikilia kwamba dai hilo liliwahi kuwa kweli katika mazingira mahususi, na kwamba kwa watumiaji wengi wa Afrika Mashariki mazingira hayo hayapo tena.

Proksi ni kompyuta inayokaa kati ya mtumiaji na tovuti: hupokea ombi, hulipeleka mbele, kisha hurudisha jibu. Kwa umbile lake, basi, huongeza kituo safarini. Hulipia ucheleweshaji huo hasa kwa kuhifadhi nakala za kurasa zilizokwisha kuombwa, ili mwombaji wa pili asiagiziwe upya kutoka mbali.

Kabla mkongo wa SEACOM haujaanza kazi Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya ukanda huu ilipitia setilaiti zilizoko takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, jibu nalo likapanda na kushuka: kilomita 144,000, ambazo hata kwa kasi ya mwanga huchukua karibu nusu sekunde. Ukurasa mmoja wenye picha ulidai safari nyingi za namna hiyo, tena katika njia nyembamba waliyogawana watu wa chuo kizima. Hapo programu kama Squid, iliyoanza kutolewa mwaka 1996, ilikuwa mkombozi. Darasa likifungua ukurasa uleule, wa kwanza alisubiri. Waliobaki walihudumiwa kutoka kwenye diski iliyo jengo hilohilo. Wahandisi walioziendesha seva hizo wanastahili heshima.

Mikongo ya baharini ilipunguza haja hiyo, lakini kilichoiua hasa ni usimbaji. Kurasa nyingi sasa hupita kwa HTTPS. Proksi ya kawaida hupitisha data iliyosimbwa bila kuisoma, na isichoweza kukisoma haiwezi kumwekea akiba mtu mwingine. Taasisi inaweza kusakinisha cheti chake katika kila kompyuta ili kufungua mawasiliano hayo, ila hapo nywila za benki na barua za wafanyakazi huwa wazi mbele ya msimamizi wa mtandao. Kwangu mimi, hiyo ni bei isiyokubalika kwa sekunde chache.

Tuchukue mtumiaji aliyeko Dar es Salaam anayefungua, kupitia proksi ya bure iliyoko Frankfurt, tovuti inayohifadhiwa Dar es Salaam humohumo. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa umbali unaozidi kilomita 6,500, kwenda Frankfurt na kurudi hakupungui milisekunde 65. Na kwa kuwa proksi nayo lazima iirudie Dar es Salaam, kila swali na jibu hugharimu milisekunde 130 au zaidi. Kuanzisha muunganisho salama hudai maswali na majibu kadhaa kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Hakuna mipangilio ya kivinjari inayoweza kuufuta umbali huo.

Mpinzani atataja Opera Mini, ambayo seva zake hubana ukurasa kabla ya kuutuma kwenye simu. Hoja hiyo ina uzito: kwenye mtandao wa 2G ubanaji huo husaidia kwelikweli. Lakini hapo kasi huletwa na kupungua kwa data, na faida yake husinyaa kadiri njia inavyopanuka. Google iliondoa huduma yake ya kubana data katika Chrome ya simu mwaka 2022.

Akiba yenyewe haikufa. Imehamia upande wa mwenye tovuti. Kampuni kubwa za maudhui huweka seva zao karibu na watumiaji, kwenye mitandao ya watoa huduma na katika vituo vya kubadilishana data kama KIXP cha Kenya. Seva hizo zina idhini ya mwenye maudhui na funguo za usimbaji, mambo mawili ambayo proksi ya mtaani haina.

Kwa hiyo wasimamizi wa TEHAMA waitumie proksi kwa udhibiti na usalama inapobidi, na fedha za kutafuta kasi wazielekeze katika kuhifadhi tovuti za vyuo na serikali zetu hapahapa nyumbani.