Waliitwa kufanya kazi, kisha wakanyimwa kazi

Wasee, mwaka jana nilipoteza kitambulisho kwa matatu. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepata kibarua kwa godauni moja Mlolongo. Pale getini nikaonyesha karatasi ya kusubiria, nikaambiwa nirudi nikiwa na kitambulisho chenyewe. Kufika jioni, nafasi ilishachukuliwa. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kujitetea nayo, so iliniuma.

Sasa fikiria hali hiyo ikidumu zaidi ya miaka 50.

Wamakonde walianza kuja Kenya kutoka Msumbiji miaka ya 1930, kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Wengi walibaki Kwale. Watoto wakazaliwa hapa, wajukuu pia. Lakini uhuru ulipofika 1963, hawakuhesabiwa kuwa raia. Na bila kitambulisho Kenya hii huajiriwi rasmi, hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu kwa jina lako. Kijana anamaliza shule, anaishia vibarua vya kulipwa mkononi, kwa bei anayotaka tajiri.

Oktoba 2016 wakachoka. Wakafunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, mpaka Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kufikia Desemba. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43.

Kinachonikera ni kwamba sisi watu wa Machakos tungefaa kuwa wa kwanza kuwaelewa. Uchongaji wa Wamunyu, uliosomesha watoto wengi hapa kwetu, ulianzishwa na Mutisya Munge, na yeye alijifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Ujuzi wa ugenini ukawa ugali wetu. Leo tunauita wa Wakamba, na hakuna anayeuliza ulivuka mpaka na karatasi gani.

Halafu kumbuka kipande. Kuanzia miaka ya 1920 mkoloni alimvalisha mwanamume Mwafrika kipande shingoni. Bila hicho, hakuna kazi. Babu zetu walikilaani. Sisi tukapata uhuru, tukawafungia majirani mlango ule ule.

Kwa hivyo ukisikia mtu mtaani akisema "wageni wanatuibia kazi", muulize swali moja tu: huyo mgeni, babu yake aliitwa na nani, na alikata mkonge wa nani?