Mwizi ndani ya baruapepe ya ofisi: dalili zake na namna ya kumtoa

BUJUMBURA. Kontena la mteja wa Bujumbura linaloshushwa bandarini Dar es Salaam husafiri takribani kilomita 1,500 kwa barabara. Kabla lori halijaondoka, ankara, hati ya shehena na namba za akaunti za benki huwa zimekwisha kupita mara nyingi kwenye baruapepe za muuzaji, wakala wa forodha na msafirishaji.

Ofisi nyingi sasa huweka baruapepe na nyaraka hizo kwenye klaudi, yaani kwenye seva za kampuni kama Google au Microsoft, ambazo hufunguliwa kwa intaneti kutoka mahali popote. Faida yake ni kwamba wakala aliyeko Kobero anasoma hati ileile inayosomwa na mwenzake wa Bujumbura. Hasara yake ni kwamba mwenye neno la siri la ofisi anaisoma pia, na hahitaji kuvunja mlango.

Mfano wa karibu ni wa Uganda. Mwaka 2013, kitengo cha Mahakama Kuu ya Kampala kinachoshughulikia kesi za rushwa kiliwatia hatiani watu walioingia bila idhini katika mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Mapato (URA). Walishtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011.

Kwa wafanyabiashara, wizi ulioenea zaidi ni wa ankara. Mwizi huingia kwenye baruapepe, hukaa kimya akisoma, na malipo yanapokaribia hutuma ujumbe kwamba akaunti ya benki imebadilika. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya wizi wa aina hii yenye hasara ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 pekee.

Dalili zipo, ila zinahitaji kutafutwa. Ya kwanza iko kwenye orodha ya walioingia, ambayo huonyesha saa, kifaa na mahali. Orodha hiyo isomwe kwa uangalifu. Baadhi ya mifumo huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Bujumbura kwa saa mbili, na mtu anayetumia intaneti ya simu anaweza kuonekana yuko mji mwingine. Jina la mji peke yake halitoshi kumshuku mtu. Kifaa kisichojulikana kilichoingia usiku wa manane kinatosha.

Dalili ya pili ndiyo inayosahaulika. Mwizi huweka kanuni ndani ya baruapepe ili kila barua yenye neno kama "ankara" ipelekwe kwake, au ifichwe mwenye ofisi asione majibu ya mteja. Kanuni hiyo huendelea kufanya kazi hata neno la siri likibadilishwa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bandari ya Antwerp, Ubelgiji, ilipata somo hilo kati ya mwaka 2011 na 2013. Wauza dawa za kulevya waliingia kwenye kompyuta za kampuni za makontena kwa kutumia baruapepe zenye programu za kijasusi. Njia hiyo ilipogunduliwa na kuzibwa, walivamia ofisi na kuficha vifaa vya kunasa kila herufi inayochapwa.

Kwa hiyo kazi ya kumtoa mwizi ifanywe kwa kifaa kingine kilicho salama: kubadili neno la siri, kuviondoa vifaa vyote vilivyounganishwa, kufuta kanuni za kuhamisha barua, kukagua namba ya simu ya kurejesha akaunti na programu zilizopewa ruhusa, kisha kuweka uthibitisho wa hatua mbili. Kabla ya kufuta kanuni yoyote ipigwe picha, na barua za mwizi zihifadhiwe kwa kuwa ni ushahidi.

Kama fedha zimekwisha kutumwa, benki ipigiwe simu kabla ya yote hayo. Ombi la kurudisha malipo lina nafuu pale fedha zinapokuwa bado kwenye akaunti iliyopokea, na saa chache huweza kuamua. Wateja nao waarifiwe kwa simu, kwa namba ya zamani, si ile iliyoandikwa chini ya barua yenye mashaka.

Tabia ya ofisi nzima kutumia neno moja la siri huharibu uchunguzi wote, kwani orodha haiwezi kuonyesha ni nani aliyeingia. Kwa wakala wa forodha hatari ni kubwa zaidi, maana nyaraka zinazowasilishwa kwenye mfumo wa SYDONIA hubeba jina lake. Akishuku kwamba neno la siri la mfumo huo limevuja, Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR) iarifiwe siku hiyohiyo ili akaunti ifungwe. Malalamiko ya jinai hufikishwa polisi, na Burundi ina sheria ya kupambana na uhalifu wa mitandao tangu Machi 2022.