Majina ya Ndege na Vipepeo, na Watu Waliowaleta

Kwa wanasayansi, ndege au kipepeo mpya hana jina mpaka maelezo yake yachapishwe pamoja na jina la Kilatini la maneno mawili. Hesabu ya majina ya wanyama huanzia 1758, mwaka wa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus. Jina lililotangulia ndilo linaloshika, hata kama vizazi vya baadaye vingependa jingine.

Nairobi kazi hii ilipata makao mapema. Chama cha wapenda viumbe kilianzishwa 1909, makumbusho yake yakafuata 1910, na mwaka 1930 Makumbusho ya Coryndon yakafunguliwa kilimani, ng'ambo ya Ngara ukitokea Kariokor. Coryndon alikuwa gavana. Kariokor nayo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jinsi midomo ya watu ilivyolitamka. Kariakoo ya Dar es Salaam ni neno lilelile. Baada ya uhuru jina la gavana liliondolewa. La wapagazi limebaki, ingawa halimtaji hata mmoja wao.

Msingi wa kila jina ni kielelezo. Ndege huchanwa tumboni, nyama ikatolewa, ngozi ikapakwa dawa ya kuzuia wadudu na kujazwa pamba, kisha miguu ikafungwa pamoja. Kipepeo hutobolewa kifuani kwa pini na mabawa yake kutandazwa. Kinachofuata ni kijikaratasi kisichozidi upana wa vidole viwili: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Bila karatasi hiyo kielelezo hupoteza karibu thamani yake yote. Kimoja huteuliwa kuwa kipimo cha spishi nzima, na anayebisha baadaye hurudi kukitazama.

Nairobi, mtu aliyeandika majina mengi kuliko wengi alikuwa daktari wa meno, V. G. L. van Someren, aliyeyasimamia makumbusho kwa miaka mingi. Kipimanjia wa Sokoke, anayejificha kwenye majani makavu ya msitu wa pwani, alimpa jina la *Anthus sokokensis* mwaka 1921. Kipepeo wa milima ya Taita akawa *Cymothoe teita*, 1939. Majina ya namna hii yana manufaa makubwa, kwani humwelekeza msomaji msituni penyewe.

Mengine humtunza mtu. Ndege mdogo wa Kakamega, *Eremomela turneri* (1920), ni kumbukumbu ya Turner, mkusanyaji wa makumbusho. Bundi wa Sokoke, *Otus ireneae*, aliyeelezwa na Ripley mwaka 1966, ana jina la Irene Morden. Waafrika waliotambua milio, waliojua viota na kuchuna ngozi ni nadra kupata heshima hiyo. Salimu Asmani aliwafanyia kazi watafiti wa Kizungu, kwanza Loveridge, kisha Moreau huko Amani, Tanganyika. Bila macho ya watu kama yeye makabati ya Ulaya yangekuwa nusu tupu. Mkusanyaji mwingine, Jali Makawa, alibahatika: ndege aliyepatikana Zambia 1964 aliitwa *Pogoniulus makawai* mwaka uliofuata. Hadi leo hakijapatikana kielelezo cha pili.

Ulazima wa kuua umezua ubishi mkali. Mwaka 1988 tiva wa ajabu alinaswa Bulo Burti, Somalia. Waliomchunguza walichukua manyoya na damu, wakamwachilia akiwa hai, na mwaka 1991 wakamwita *Laniarius liberatus*, yaani aliyeachwa huru. Uchunguzi wa baadaye wa vinasaba ulionyesha kuwa ni rangi tofauti tu ya tiva aliyekwisha kujulikana. Huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini jina halikusimama.

Kule Udzungwa, Tanzania, mwaka huohuo wa 1991, watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya mapishi kambini. Akaelezwa 1994 kuwa kwale wa jenasi mpya kabisa, *Xenoperdix*. Jamaa yake wa milima ya Rubeho alielezwa 2003 kama nususpishi, akapandishwa kuwa spishi kamili mwaka 2005. Maelezo ya 2003 yana waandishi wawili: Jon Fjeldså na Jacob Kiure, Mtanzania.